Honi Mpya ya Skuta ya Mikate

Mtaa mzima huu hakuna mwanamke aliyewahi kufunga honi ya lori kwenye skuta isipokuwa mimi. Wala hakuna aliyewahi kuunguza fyuzi tatu kabla ya chai ya saa nne, isipokuwa mimi huyo huyo. Shule niliishia darasa la sita, na mambo ya umeme nasikia yalikuwa darasa la saba.

Skuta yenyewe si yetu, ni ya kiwanda cha mikate. Mume wangu ameiendesha miaka kumi na tisa, kreti tatu nyuma, duka hadi duka. Masikio yake yalimtoka taratibu. Yalianza kwa kuacha kunisikia mimi, nikadhani ni ndoa tu imezeeka. Baadaye redio nayo ikaachwa, ndipo nikajua ni ugonjwa, maana yeye na redio hawakuwahi kugombana. Daktari akamulika ndani, akasema mishipa imekwisha, si dawa wala kifaa kitakachosaidia. Alisema kwa upole, sauti ya chini, kwa hiyo mwenye masikio hakupata kitu. Mimi ndiye niliyemwandikia kwenye karatasi. Akaisoma, akaikunja mara nne, akasema daktari ana mwandiko mbaya. Mwandiko ulikuwa wangu.

Juma lililopita gari la maji lilimpigia honi nyuma yake toka kona ya shule mpaka darajani. Hakupisha. Likamkwangua, mikate ikaingia mtaroni, na yeye goti likachubuka. Msimamizi wa kiwanda, tunayemwita Mizani kwa kuwa hupima kila mkate utadhani ni dhahabu, alimwita ofisini. Mume wangu husoma midomo nusu, nusu anabuni.

"Honi yangu ndiyo mbovu," akamwambia.

"Mzee, aliyepiga honi ni gari la maji."

"Ndiyo nakwambia, haisikiki."

Mizani akachoka. Akasema basi ifungwe honi kubwa, na Ijumaa atakuja nyumbani kusikiliza vyote viwili, honi na masikio. Kimoja kikishindwa, skuta inarudi kiwandani. Mume wangu aliniletea habari ya honi tu. Ya masikio nilipigiwa simu na Mizani mwenyewe.

Sasa mtu kama yule akikaa nyumbani atafanya nini? Wazee wenzake wanakaa kibarazani wanasengenya watu. Yeye hata umbea haumwingii. Pale juu ya skuta, na mikate yake, angalau kila mwenye duka humpungia mkono.

Kwa hiyo nikashika bisibisi. Miaka yote nimejitengenezea mota ya cherehani mwenyewe, nikaona honi ni nini. Nikafungua kava la mbele, nikatoa ile honi ya zamani, ndogo kama kisosi, inayolia kama kifaranga aliyekanyagwa. Nikazichomoa nyaya zake mbili nikazichomeka kwenye honi mpya, yenye tarumbeta mbili nyekundu. Nikabonyeza. Ikasema "mbwe", taa ikafifia, fyuzi ikaenda. Ya pili ikaenda. Ya tatu nikaipulizia kwanza, nayo ikaenda.

Fundi betri wa jirani akachungulia juu ya ua. "Bibi, unaua nini huko?"

"Nafunga honi."

"Umefunga rilei?"

"Ndiyo nini?"

Akaja na kijisanduku cheusi kama kiberiti. Akanieleza kuwa honi kubwa inakula umeme mwingi, ule waya mwembamba wa swichi hauwezi. Swichi ifanye kazi ya kuamsha rilei tu, na rilei ndiyo ivute umeme wa kutosha kutoka kwenye betri. "Kama wewe na mzee," akasema. "Yeye anakohoa tu, unayebeba maji ni wewe."

Nikafunga kama alivyosema. Nikabonyeza. Fundi akaangusha koleo, kuku wa jirani wakapanda ukutani, na mimi meno yangu ya bandia yakatikisika. Mume wangu alikuwa hatua tano nyuma yetu, anafuta kreti.

Akainua kichwa. "Bado hamjamaliza tu?"

Fundi akaokota koleo lake, akaenda zake bila kuaga.

Ijumaa asubuhi nikalowesha mashuka masafi, nikayaanika kwenye kamba ya ukutani. Tulikuwa tumepatana: Mizani akimgeuza aipe skuta mgongo, yeye aelekee ukutani, ili awe ananiona. Nikikung'uta shuka, ainue mkono. Tulifanya mazoezi mpaka akaanza kuninunia kuwa nakung'uta ovyo.

Mizani akafika, akaamkia, akakataa kiti. Akamsimamisha mzee akiutazama ukuta, akasema ainue mkono kila akisikia. Akaiendea skuta, akabonyeza. Nikakung'uta. Mkono ukapanda. Akabonyeza tena, nikakung'uta, mkono ukapanda haraka zaidi. Mzee alikuwa anatabasamu. Sijamwona na meno mengi hivyo tangu mjukuu wa kwanza.

Mizani akazunguka skuta, akainamia mbele kidogo kama anaikagua, akarudi kwenye usukani. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kidole gumba chake, nisichelewe. Nikakiona kinashuka. Nikakung'uta shuka kwa nguvu mpaka likanirushia maji usoni. Mkono ukapanda juu kabisa, vidole vyote vitano.

Nikasikia shuka linadondosha matone, na ndipo nikagundua kuwa matone ndiyo kitu pekee nilichosikia.

Mizani hakumtazama mzee. Alinitazama mimi.

"Na wewe mama, hiyo umeisikia?"

Mume wangu alikuwa bado amenyoosha mkono, anausubiri ukuta umpongeze. Nikaziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Mwanangu, usibonyeze tena. Umenitoboa."

Akaingiza mkono mfukoni polepole, akatoa ufunguo wa skuta, akaushika kati ya vidole viwili ili niuone vizuri.

"Nilishaizima, mama," akasema.