Stesheni ya Shirohane

Theluji ilikuwa imepanda hadi nusu ya dirisha lililokuwa nyuma ya Intisar, na uso wake kwenye simu ulikuwa na rangi ya majivu. Badria aliiegemeza simu kwenye chupa ya mafuta, akapunguza moto wa jiko. Kwao Euless, kando ya Dallas, ilikuwa saa kumi alasiri, jua limemwagika sakafuni. Kule Japani ilikuwa saa moja ya asubuhi iliyofuata, na binti yake alikuwa peke yake katika stesheni isiyo na hata mfanyakazi mmoja.

"Treni imefutwa, mama. Theluji imeziba njia. Huenda mpaka jioni."

"Stesheni ya mbele iko mbali?"

"Kilomita tatu. Kule kuna watu."

"Basi unangoja nini? Tembea."

Ngwali, mumewe, alikuwa amerudi kutoka kazini uwanja wa ndege na bado hajavua viatu. "Badria, msikilize kwanza."

"Nimsikilize habari za kibanda? Mwaka wa pili huu."

Intisar alikwenda Japani kusomea historia ya stesheni ndogo zinazokaribia kufungwa. Majirani walipouliza, Badria alijibu kwamba anasomea uhandisi. Jibu hilo halikuzaa maswali.

"Mama, zamani treni ilikwama hapa hapa," Intisar alisema. "Mkuu wa stesheni alisimama mlangoni kuwazuia abiria wasitoke. Walimtukana, wakampiga, hakuondoka. Wanne wakapenya dirishani, wakafuata reli…"

"Historia haina joto, mwanangu. Umeme ulipokatika Dallas tukaganda ndani, si mimi niliyewatoa nje? Jiko lipo humo?"

"Lipo. Na kuni zipo, lakini wanakijiji ndio wanaoziweka."

"Vya watu usiguse. Funga skafu, toka."

Badria hakujua kungoja. Alifika Amerika na sanduku moja na mtoto mgongoni, akasoma chuo huku akiosha wagonjwa, na kila alilopata alilifuata kwa miguu yake. Kwake yeye, aliyeketi amekwisha kushindwa. Watoto wake aliwalea hivyo, wakajua kwamba neno la mama halirudiwi.

Intisar akatii.

Picha ilianza kutikisika. Mlango ulilia, kisha upepo ukajaa jikoni. Badria aliona buti zikizama, goti likizama. Aliona reli, halafu hakuziona. Palibaki weupe mtupu, hauna juu wala chini, na pumzi za mtoto wake.

"Intisar, nyoosha mkono mbele ya simu."

"Nimenyoosha."

Badria hakuona mkono.

Ngwali alikuwa amesimama nyuma yake.

"Geuka," Badria alisema. "Rudi ndani."

"Nyayo zangu zimeshafukiwa, mama. Sioni nilikotoka."

"Upepo ulikuwa unakupiga wapi?"

"Usoni."

"Sasa uupe mgongo. Usikimbie. Hatua, kisha nyingine."

Simu ikakatika.

Alipiga, haikuita. Alipiga tena. Mafuta yalianza kuungua kwenye kikaango na hakuna aliyeyagusa. Badria alishika mgongo wa kiti kama anayezuia kitu kizito kisianguke. Hata dua haikumjia. Yaliyomjia ni maneno yake mwenyewe, moja moja, kwa sauti ileile ya ukali.

Simu iliita.

"Nimeshika ukuta," Intisar alisema, meno yakigongana. "Nimepata mlango. Niko ndani."

Badria alifumba macho. "Washa kuni."

"Ulisema…"

"Ziwashe zote. Nitakuja mwenyewe kuwaomba radhi wenye kuni. Chaji imebaki kiasi gani?"

"Kidogo sana."

Alitamani kumtazama mpaka moto uwake, mpaka treni ifike. "Basi zima simu, mama yangu. Uitunze. Na mlango usiufungue mpaka aje mtu."

Uso ukatoweka. Ngwali alizima jiko, akamvutia mkewe kiti. Badria akaketi.

"Wale wanne waliofuata reli," aliuliza, "walifika?"

"Ulimkatiza kabla hajasema."

"Wewe unajua?"

"Intisar hunisimulia kwa simu nikiwa njiani kurudi kutoka kazini."

Badria aliitazama simu iliyolala kati yao mezani. "Nisimulie. Na usiruke kitu."

Ngwali alivua viatu, akavisogeza pembeni.

"Mwanzo hapakuwa na stesheni," alisema. "Palikuwa na msitu, na watu waliotaka kuteremsha mbao."