Chai Isiyopoa

Kitu cha kwanza alichokiona msichana ni kikombe kwenye meza ya ukutani, pale mkahawani. Dereva wa teksi alikunywa nusu, akatoka kubadilisha tairi, akarudi, na chai bado ilikuwa inafuka. Msichana akainama chini ya meza kutafuta kinachoipasha. Aliona miguu ya dada yake mkubwa, ndani ya zile ndara ambazo mama yao alizigawa baada ya kumzika.

Dada yake alikuwa akifuta meza. Ngozi ya shingoni bado ilikuwa imebabuka.

Mjomba wao, mwenye mkahawa, naye alimwona huyo dada. "Afadhali," alisema. "Asubuhi mikono haitoshi." Akampa trei.

Jikoni lilikuwepo birika kubwa la bati, mfuniko wake umefungwa kwa waya. Lilikuwa na kitundu cha kutolea mvuke, lakini kila alfajiri Mjomba alikiziba kwa kitambaa ili maji yawahi kuchemka kabla wateja hawajajaa. Mfuniko ulipofyatuka, dada alikuwa amesimama mbele ya birika. Mjomba alilinyoosha bati kwa nyundo, akanunua waya mpya, kisha akaenda kwa mama yao, dada yake wa damu, kuomba binti wa pili. Mama alilia, akamtoa msichana darasa la tano, akamleta. Kaka ni kaka.

"Yule alikuwa na haraka," Mjomba aliwaambia watu. "Na haraka haina baraka."

Sifa za mkahawa zilienea. Mpokea wageni wa gesti ya ng'ambo ya barabara alikuwa akiwaelekeza wageni kila asubuhi: "Mayai, nendeni pale kona. Mkate laini, kule nyuma ya soko. Lakini chai, ndugu yangu, nenda kwa Mjomba, ukae upande wa ukutani. Anayehudumu huko ni marehemu. Ukisoma gazeti lote, chai haijapoa."

Wageni walikuja, wakakaa, wakasema kweli haipoi.

"Wengine wakifa wanapumzika," dereva alisema. "Huyu kaongezewa meza."

Msichana walimwita Bubu, kwa sababu kila alichoulizwa alijibu kwa kichwa. "Bubu, mwambie mkubwa wako aniongezee sukari." Alikwenda, akamgusa dada yake bega, na bega lilikuwa la moto kama sufuria.

Kila alfajiri, kabla wateja hawajaja, dada alisimama kati ya msichana na birika. Kisha alinyoosha mkono kukivuta kile kitambaa kitunduni. Vikombe aliviweza, trei aliiweza. Kitambaa kile tu ndicho kilichompita vidoleni kama moshi. Alijaribu tena na tena, halafu akageuka kumtazama mdogo wake, na msichana akaangalia sakafu. Usiku hakulala vizuri.

Siku moja wageni wa gesti walijaa hadi mlangoni. Mjomba alileta kitambaa kinene zaidi, akakishindilia kwa mpini wa kijiko. Birika likaanza kutetemeka. Waya ukalia.

Msichana alipitisha mkono pembeni ya dada yake, akakichomoa kitambaa. Mvuke ulitoka kwa kishindo, ukamuunguza vidole viwili.

"We mtoto," Mjomba alisema bila kupaza sauti, "watu wanangoja." Akakirudisha, akakishindilia zaidi.

"Mwache, Mjomba," dereva alisema kutoka mezani kwake. "Wakiwa marehemu wawili, chai itachemka kabla ya kuwekwa motoni."

Watu walicheka. Mpokea wageni, aliyekuwa amekuja na kundi lake, alicheka pia, akawaonyesha wageni pa kukaa. Dada hakucheka. Alichukua trei, akaiweka chini. Akasimama tena mbele ya birika, na safari hii alisogea kidogo pembeni, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi.

Msichana aliitazama ile nafasi. Ilikuwa inamtosha.

"Bubu, chai mbili," Mjomba alisema.

Alichukua vikombe viwili. Birika lilikuwa linatetemeka. Akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, lakini mkahawa mzima uliisikia.

"Mjomba, dada hakuwa na haraka. Ni kitambaa chako. Na mimi sitaki kufa."