Masizi Yasiyotaka Chuma

Kitu cha kwanza alichokiona Milembe ni kwamba mgeni alikataa kisu. Mgeni huyo alikuwa jikoni kwa mayu Mektilda, mjane aliyemlea Milembe kama mama, akikwangua masizi ya paa kwa kijiti na kuyatia kwenye kichupa. Milembe alipomnyooshea kisu, mgeni akarudisha mkono haraka.

Kule Migato kila mtu anajua nani hukwepa chuma: mchimba dawa za uchawi. Na mwaka ule watu walikuwa wamewachoka wageni. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia na mizani yao, na kila mizani ilikuwa na lake. Sasa mgeni huyu, Salvatory, eti mzaliwa wa Lalago anayesomea ng'ambo, pamba haitaki, anataka masizi. Milembe hakumwambia mtu. Lakini jirani yao Justina aliona pia, na Justina hana kifua.

Jioni Masalu, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, akawaita watu. Akauliza kwa nini dawa ichimbwe kwa mjane mwenye macho mekundu. Wote wakaelewa: macho mekundu ni ya mchawi; mayu Mektilda afukuzwe kijijini, kama si zaidi.

Salvatory akaeleza. Masizi ni kaboni, chembe ndogo zisizoonekana. Umeme ukipita humo, kila chembe ya umeme huo huwa kama pia inayozunguka, na kaboni nzuri huiacha iende mbali bila kusahau upande inaozungukia. Wenzake wanatafuta kuhifadhi kumbukumbu za mashine kwa mzunguko huo.

"Na kisu?" Masalu aliuliza.

"Chuma kina usumaku, baba. Unga wake kidogo tu ukiingia kwenye masizi, hizo pia husahau upande wake."

"Hata mganga husema hivyohivyo."

Watu wakacheka, si kicheko kizuri. Mektilda aliinamisha kichwa, macho yasionekane.

Milembe, ambaye kanisani hata amina huisema moyoni, akasimama.

"Baba, ya kuzunguka siyajui. Jiko nalijua. Miti imekwisha, tunapikia mabua ya pamba, na moshi wake hauna huruma. Njoo utazame macho yangu, nayo ni mekundu."

Masalu akasogea, akayatazama. Kisha akawageukia akina mama waliokaa, mkewe akiwa mmoja wao. Hakuna aliyeinua uso, maana macho ya wote yalikuwa mekundu. Akakohoa, akasema watu waende wakale.

Njiani Milembe alimshika mayu mkono. Neno lilikuwa dogo, la shukrani tu, na tangu utotoni halikuwa limewahi kumtoka kinywani.

"Wabeja, mayu."