Mkono Mmoja wa Nyongeza

Kiangazi kilimaliza ng'ombe wote wa Masunga pale Kimali, kikamwachia mtamba mmoja mwekundu. Huyo ndiye aliyekuwa mbegu ya zizi jipya, na siku josho dogo la kijiji lilipofunguliwa, Masunga alisema mtamba wake ndiye atakayeanza. Nani angembishia?

Jana yake afisa mifugo, Elizabeth, alikwama barabarani, akapiga simu wampimie maji ya josho apate kukokotoa dawa. Futi kamba hawakuwa nayo. Walipima kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole: Masunga urefu, jirani yake Salu upana, na Nyanjige, mkewe, akachovya mti kupima kina. Sasa, hawa ni watu ambao debe la mahindi lisipofurika huona aibu kumpa mgeni. Masunga alipata nane, akasema tisa, dawa isije ikapungua kupe wakawacheka. Mkono mmoja tu, una nini?

Asubuhi Elizabeth alimimina dawa. Mtamba akaogelea, akatokea upande wa pili, na hakufika mbali. Alitetemeka, povu likamtoka mdomoni, magoti yakakunjika. Walimmwagia maji safi ndoo baada ya ndoo, wapi! Akakata roho mbele ya macho yao.

Elizabeth aliwapimisha wote upya, yeye akisimamia.

"Mliniambia tisa, tano na tano! Hapa ni nane, nne na nne!"

"Niliongeza mmoja," Masunga alisema.

"Hata mimi," Salu akanong'ona.

"Basi ni mitatu tu, mayu, mama yangu!" Masunga akadakia. "Mikono mitatu inaua ng'ombe?"

"Haijumlishwi, baba, inazidishwa! Maji ni mia moja ishirini na nane, ninyi mmenipa mia mbili ishirini na tano. Nimeweka dawa karibu mara mbili!"

Hasira zikampanda Masunga, akamgeukia mkewe.

"Na wewe, Nyanjige, nani alikutuma kuongeza?"

Nyanjige alikuwa amekaa chini, kichwa cha mtamba mapajani.

"Nilijua wa kwanza ni wetu," alisema. "Nilitaka apate dawa ya kutosha."

Nyuma ya Masunga ndama wa Salu walikuwa wakisukumana kuingia joshoni, ikabidi akimbie mwenyewe kufunga lango.