Picha Moja Iliyozidi

Mkono wa mkaza mwana wa Mzee Picha ulikuwa mtulivu kuliko maji ya mtungini. Mwenyewe ndivyo alivyojisifu, na kama si yeye aliyeuvunja huo mtungi juzi, tungemwamini bila kiapo.

Mzee Picha alianza ujanani kwa kuchora vijitu pembeni mwa kurasa za daftari. Ukizipeperusha kwa kidole gumba, vinakimbia. Uzeeni akahamia kwenye udongo. Alifinyanga kikaragosi cha bibi mwenye kikapu. Unakisogeza kidogo, unakipiga picha, unakisogeza tena, na picha zikizungushwa kwa pamoja, bibi anatembea kama wewe na mimi. Kazi ya wiki nzima, bibi kavuka chumba tu. Ndiyo maana mwiko ulikuwa mmoja: mzee akitoka, hakuna kugusa meza. Mwanawe wa kuzaa aliipiga kiwiko mara moja, akatimuliwa, sasa anauza misumari. Nafasi yake kairithi mkewe, naye aliipenda kazi hiyo kuliko alivyompenda huyo muuza misumari.

Siku hiyo mzee alitoka kutafuta balbu. Akaingia nyigu. Mkwe akarusha kitambaa, akapepesuka, akaiangukia meza. Kikaragosi chini, pua bapa. Na katika kutapatapa, mkono wake ukabana kitufe cha kamera. Kacha.

Pua aliifinyanga upya, akamrudisha bibi kwenye alama zake za chaki, lakini ile kacha haikufinyangika. Mzee aliporudi aliiona pua imenenepa, akauliza. Mkwe akasema yeye alikuwa nje anaanua nguo. Aliyeruka mezani ni paka.

Paka akafungiwa stoo. Filamu ikapelekwa kusafishwa.

Tangu hapo, kitasa kikilia kacha, moyo unamruka. Alijituliza kwamba picha moja kati ya maelfu si kitu, ni kufumba na kufumbua, na mzee mwenyewe ana mtoto wa jicho. Lakini paka alilia stoo kutwa, na kila akimpelekea mabaki alimwomba radhi kwa kunong'ona, akichungulia nyuma yake.

Filamu ikarudi. Madirisha yakafungwa, bibi wa udongo akaanza safari yake ukutani. Mkwe alikaa amebana pindo la nguo. Bibi akafika katikati. Kitu kikamulika, kikapotea. Bibi akaendelea na pua yake nene.

"Umeona?" mzee akauliza.

"Doa la dawa hilo, baba. Wasafishaji wa siku hizi hawamwogopi Mungu."

Mzee akairudisha filamu nyuma, akaizungusha kwa mkono, picha moja moja, kama anayechambua mchele. Hatua ya bibi. Hatua nyingine. Kisha ukuta mzima ukajaa uso wa mkwe: mdomo wazi kama pango, macho yamemtoka, kitambaa hewani.

Hata hivyo mkwe akaanza kusema kwamba hapo ndipo alipokuwa anamfukuza paka.

Mzee aliushika mpini wa mashine ya kuonyeshea kwa mkono mmoja, kwa mwingine akanyoosha bakora mpaka ukutani, kwenye kiti kilicho nyuma ya ule uso.

"Na huyu, mwanangu," akasema taratibu, "aliyejikunja hapa, kalala fofofo, ni nani?"