Nilisema Kata

Vijana wa Temeke wakiniona hawaanzi na shikamoo. Wanaanza na "Kata!", halafu ndiyo shikamoo inafuata. Nimezeeka, meno yananihama, lakini kumbukumbu zangu haijang'oka hata moja. Basi neno hilo nilieleze mwenyewe, maana waongo wamelieleza vya kutosha.

Ilikuwa zama za Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya Hitla. Serikali ilifungua darasa la kuwafundisha Waafrika kutengeneza sinema, ndani ya ghala moja kuukuu huku kwetu Temeke. Wenzangu wengi walitoka shule za misheni. Mie shule yangu ilikuwa magazeti yaliyofungiwa karanga. Ndiyo maana mpaka leo najua mwanzo wa habari nyingi na mwisho wa habari chache.

Nilichotaka pale ni kamera. Siku ya mtihani kila mmoja angeelekeza mchezo mfupi, na atakayeshinda angekabidhiwa kamera azunguke nayo nchi nzima. Wenzangu waliitakia mshahara. Mie niliitaka ili niwapige picha askari wanaovunja milango ya watu alfajiri kwa ajili ya kodi ya kichwa, watu wa Bukoba na Lindi wajionee. Niliiwazia sana siku hiyo. Hata kofia ya kuvaa nilikwishanunua.

Mwalimu wetu, Bwana Halford, Mwingereza mwenye Kiswahili cha kuamrishia mpishi, alitupa mchezo aliouandika mwenyewe. Bwana Mjinga anataka kuukata mgomba wenye mkungu mchanga, Bwana Akili anakuja kumzuia.

"Kwa nini Mjinga kavaa msuli, Akili kavaa kaptula?" niliuliza.

"Wewe maneno mingi," akasema. "Picha hapana."

Alisema kweli, mshenzi yule.

Bwana Mjinga aliigizwa na Mzee Mwinjuma, mkwezi wa minazi. Mgomba tuliazimwa na Bibi Mwajabu, jirani wa ghala, kwa sharti moja: usiguswe. Mkungu ule aliuwekea arusi ya mjukuu wake.

"Mtauangalia kwa macho," alisema. "Na hilo dude lenu liuangalie kwa jicho lake. Mkono, hapana."

Kwenye mazoezi Bwana Halford alisema "akshen" watu waanze, na "kat" waache. Mzee Mwinjuma hakujua Kiingereza, ila alijua "kat" ni mlio wa Mzungu wa kupumzisha watu, kama filimbi. Akiusikia, panga linashuka, sigara inawashwa.

Siku ya mtihani zamu yangu ikafika, nami nilikuja na hotuba.

"Sisemi akshen, sisemi kat!" nilitangaza, kofia kichwani. "Tunatawaliwa mchana kutwa, hata kusimama tusimame kwa Kiingereza? Mie nitasema Anza, na nitasema Kata!"

Theonest, kijana wa Bukoba aliyeshika kamera siku hiyo, akaninong'oneza, "Mwishehe, ndugu yangu, hilo neno la pili hebu lifikirie."

"Kibaraka," nikamjibu.

"Haya."

"Anza!"

Mzee Mwinjuma akainua panga. Uso ulimjaa ujinga mpaka nikamwonea wivu. Bwana Akili akaja mbio, akamshika mkono, akasema maneno yake ya subira. Uzuri ule! Niliiona kamera mikononi mwangu. Nikavuta pumzi.

"Kata!"

Bwana Akili akamwachia mkono, akajitoa pembeni. Mzee Mwinjuma akanigeukia. "Nikate?"

"Kata!"

"Lakini bibi kasema..."

"Mzee, anayeelekeza hapa ni nani? Nimesema kata! Kata!"

Wallahi mzee yule alikuwa na mkono. Pigo moja tu, mgomba ukalala, mkungu ukanipasukia miguuni.

"Kata! Kata!" nikapiga kelele, napunga mikono. Mzee Mwinjuma akaangaza kutafuta kilichobaki cha kukatwa. Akauona mpapai.

Bibi Mwajabu alitoka jikoni na mchi. Hakuuliza kitu, kila aliyekuwepo alininyooshea kidole, na Mzungu alinyoosha viwili. Nikazunguka kisima, nikapita katikati ya kuku, kofia ikabaki kwenye mihogo. Muda wote huo kamera inanguruma.

"Zima, Theonest!"

"Sijasikia kat!" akanijibu, jicho liko kwenye kamera, machozi ya kicheko yanamtiririka.

Picha ile ilionyeshwa uwanjani, kwenye shuka jeupe, na watu wakataka irudiwe. Mie niliyekataa Bwana Mjinga afanane na watu wetu, nikawapa Bwana Mjinga mwingine, tena huyu ana kofia.

Kamera akapewa Theonest. Akazunguka nayo nchi nzima, anapiga picha majosho ya ng'ombe. Milango iliyovunjwa hakuna aliyeipiga picha. Ninayo mie kichwani, mlango kwa mlango, na jina la aliyekuwa amelala ndani.

Bila kamera, nikabaki na mdomo. Chama cha kudai uhuru kilipofanya mkutano wake wa kwanza Temeke nilipanda juu ya meza, nikaanza na mlango wa marehemu Kasimiri, jinsi askari wa kodi walivyomtoa mbele ya wanawe. Watu wakajifuta macho. Mie kuona wamelainika, nikanogewa. Nikarudi nyuma mpaka zama za Wareno, nikawamaliza, nikaingia kwa Wajerumani. Jua likahama upande wa pili wa uwanja. Niko kwenye vita vya Hitla, nasikia sauti ya kike kutoka nyuma.

"Mwishehe! Kata!"

Alikuwa Bibi Mwajabu. Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Nikasimama juu ya meza, kidole bado kiko hewani. Nilitaka kumweleza kwamba siku ile neno lilikuwa sahihi, kwamba Kiswahili hakikukosea, kwamba aliyekosea ni...

"Safari hii," akasema, "maana yake shuka."

Nikashuka.