Kiti cha Delbert Kessler

Delbert Kessler alikufa mwezi wa Februari, siku ya mvua, akirusha ndege ya mafunzo kwenda kukikagua chombo ambacho kingempeleka angani. Mawingu yalikuwa yamelala chini, akaukosa uwanja, akagonga miti. Alikuwa amejiandaa miaka mitatu kwa safari ile ya Gemini, chombo cha watu wawili, na kabla maua ya kaburini hayajanyauka, kiti chake kilikuwa na mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa Royce Haldane, rubani wa akiba, jirani yake wa ng'ambo ya barabara hapo nje ya Houston.

Maxine, mjane wa Delbert, hakumchukia Royce. Delbert mwenyewe angekikalia kiti cha Royce, tena bila kusitasita. Kazi ilikuwa hivyo: Warusi walikuwa mbele, mwezi ulikuwa umeshaahidiwa taifa zima, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusimama.

Kilichomtesa Maxine ni mtaa. Nyumba karibu zote zilikuwa za wanaanga. Siku za mwanzo wake zao walimiminika na vyakula hata jokofu likakataa kufunga. Walimwoshea vyombo, walimpokelea simu. Kufikia Aprili walimpungia mkono tu kutoka kwenye magari. Akiingia saluni, maongezi yalikatika, kisha yakaanza upya kwa habari za hali ya hewa. Alijua sababu. Kila aliyemtazama alijiona yeye mwenyewe katika gauni jeusi la ujane.

Corinne, mke wa Royce, ndiye pekee aliyeendelea kuja. Alikuwa akivuka barabara asubuhi akiwa na vibiringisho vya nywele kichwani, anajimiminia kahawa bila kuomba, anawasha sigara.

"Siku ya kuruka utakuja ukae na mimi," alisema asubuhi moja.

"Wenzako wataniona bundi."

"Waone wanavyotaka. Nyumba ni yangu. Shoga, wewe usipokuwepo nitapasuka, nakwambia."

"Verna Stiles atakuwepo?"

"Verna yupo kila mahali. Mumewe kaenda juu mara moja tu, lakini kwa anavyojishaua utadhani yeye ndiye aliyesukuma roketi."

Maxine alicheka. Hakuwa amecheka tangu Februari, na kicheko chenyewe kilimshtua.

Basi siku ya kuruka akaenda, na bakuli lake la tambi na samaki wa kopo. Wanawake walimsogezea kiti. Juu ya televisheni mafundi walikuwa wameweka kisanduku cha sauti, ili mke wa Royce asikie kila neno kati ya chombo na kituo. Roketi iliondoka vizuri. Corinne alilia, akacheka, akaenda nje kuwaambia waandishi wa habari waliojaa kwenye nyasi zake kwamba ana fahari na furaha. Maxine alirudi kwake akiwa amechoka, lakini bila jeraha jipya.

Siku ya pili ndiyo Royce alipotakiwa kutoka nje ya chombo na kufanya kazi akining'inia kwenye kamba. Wanawake wakakusanyika tena. Mwanzoni sauti yake ilikuwa changamfu, akitania kwamba ameiona Texas na hakuna aliyemwoshea gari lake. Kisha maneno yakapungua. Zikasikika pumzi tu, nzito kama za mtu anayepanda mlima.

"Sioni," alisema Royce. "Kioo cha kofia kimejaa ukungu. Siuoni hata mkono wangu."

"Acha kazi," ilisema sauti ya mwenzake aliyekuwa ndani. "Royce, pumzika kwanza. Mlango uko nyuma yako."

"Siupati."

Kisha kisanduku kikakoroma na kunyamaza, maana chombo kilikuwa kimepita mbali na vituo vya kupokea sauti. Verna Stiles alimtazama Maxine, halafu akalitazama zulia. Mwingine akafanya vilevile. Corinne alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono ameibana kwapani, kisha akageuka.

"Maxine," alisema taratibu, "naomba uende nyumbani."

"Corinne, mwenzangu..."

"Najua ni upuuzi. Najua. Lakini nenda. Nakuomba, nenda tu."

Maxine aliuchukua mkoba wake. Hakuna aliyeinua macho. Nje, mwandishi mmoja alimsogezea kinasa sauti.

"Mama, habari za ndani? Bibi Haldane anasemaje?"

"Ana fahari na furaha," alisema Maxine, akavuka barabara.

Kwake hakukuwa na kisanduku. Televisheni ilionyesha tangazo la sabuni, kisha tamthilia ya daktari na wauguzi wake. Alikaa mbele yake bila kuvua viatu. Alimtakia Royce arudi salama, na katikati ya kumtakia hivyo alijikuta akitamani asirudi, ili Corinne naye ajue. Jioni msomaji wa taarifa akasema Royce Haldane yumo ndani ya chombo, mzima, na kwamba Amerika imepiga hatua nyingine kuelekea mwezini. Vifijo vilisikika toka ng'ambo. Hakuna aliyevuka kumwambia.

Corinne hakuja tena kunywa kahawa. Baada ya gwaride na hotuba, Royce ndiye aliyekuja, amekonda, akasimama mlangoni kama mtu wa kuuza bima.

"Nimekuja kukwambia kitu," alisema. "Watu wote wananiuliza kama nilimkumbuka Delbert kule juu. Nawajibu ndiyo."

"Na ukweli?"

"Sikumkumbuka, Maxine. Hata mara moja. Nilikuwa na jasho machoni na sioni mlango. Wewe nisingeweza kukudanganya."

"Ahsante," alisema Maxine.

"Corinne anaona haya."

"Mwambie asijali."

Kisha Royce akavaa kofia yake na kuondoka.

Maxine aliuza nyumba mwezi wa Agosti. Kundi jipya la marubani lilikuwa limeshachaguliwa, na wanunuzi walikuwa miongoni mwao: kijana mmoja kutoka Oregon na mkewe, Trudy, mwenye mimba kubwa na maswali mengi. Trudy alifungua kabati zote, akauliza jiko linawashwaje, akauliza majirani wakoje.

"Wazuri," alisema Maxine. "Watakuletea vyakula."

"Nimefurahi kusikia. Mumeo ni wa kundi la ngapi?"

"La pili."

"Kumbe mkongwe," alisema Trudy, akitabasamu. "Ameshaenda juu?"

Maxine alimtazama. Hakukuwa na ubaya wowote katika uso ule. Msichana hakuwa ameambiwa, na wala hakuna aliyeona haja ya kumwambia.

"Bado," alisema, akamkabidhi funguo.

Masanduku yake yalikuwa yameshapakiwa garini. Mama yake alikuwa anamngoja Nebraska, katika chumba kile kile alichokiacha siku alipoolewa. Alifunga mlango wa gari, akawasha injini, akaondoka polepole kwa sababu ya watoto waliokuwa wakicheza barabarani.